Udaktari Majuu? Tulia Kiasi Tupige Hesabu

KCSE ikitoka tu, nguzo za stima hapa Nai zinabadilisha nguo. Bango za mganga wa Kitui zinafunikwa, juu yake inapachikwa ingine: SOMA UDAKTARI MAJUU. KARO YA CHINI. HAKUNA MTIHANI WA KUINGIA. VIZA NI YA UHAKIKA. Kando kuna kapicha ka mtoi amevaa koti nyeupe, stetho kwa shingo, theluji nyuma. Chini ni namba ya simu, na hiyo simu, maze, hushikwa hata saa sita usiku.

Hiyo bango haijaandikiwa msee wa A plain mwenye ameitwa UoN. Imeandikiwa wewe wa B plus ama A minus, mwenye ulijaza udaktari kwa KUCCPS, alafu mashine ikakurushia kozi ya kufuga samaki. Uko kejani umenuna. Koti nyeupe ulishaivaa kwa akili tangu Form Two, na mathe ashaambia kanisa mzima. Hapo ndio ajenti mwenye hiyo bango anakupata ukiwa mlaini.

Nisikubebe ufala: mimi si daki. Naandikanga tu. Lakini mbogi yangu ya kampo imejaa watu wa koti nyeupe, wa hapa na wa huko nje, na kwa stori zao zote kuna swali moja ndio huamua kila kitu. Si utasomea wapi. Ni utatibu wapi.

Kusoma ni kitu miaka 6. Kutibu ni mboka ya maisha, na inataka leseni, na leseni ni ya nchi. Digrii ya Guangzhou ama Moscow ama Cairo haikufanyi dokta wa Kenya. Ukirudi, unapanga laini kwa gate ya KMPDC, lile baraza la madaktari. Wanacheki kama chuo chako kinatambulika, wanacheki karatasi zako, alafu kama ulitoka nje ya Afrika Mashariki unakalishwa mtihani ndio uruhusiwe kuingia intanshipu. Ukipita, mwaka mmoja wa uintani kwa hosi iliyoidhinishwa. Ukianguka, unarudia. Na hapo ushagonga miaka 25, 26, rika lako lilianza kuomoka kitambo, na mathe hajui kanisa aliambie nini.

Sasa mbona msee amesoma miaka 6 aanguke mtihani wa nyumbani? Watu wa mtaa husema ati alikuwa anaraukia sherehe. Wengine kweli. Lakini skia hii.

Kuna dem wa Buru alisomea kaskazini mwa Uchina, pande za Harbin, mahali baridi hugandisha maji ndani ya chupa. Darasa lao lilikuwa la wageni, masomo kwa Kizungu, na miaka ya kwanza ilienda freshi kabisa. Anatomi ni anatomi, mfupa hauna lugha. Ngori ilianza walipoingia wodi. Mgonjwa ni shosho Mchina. Profesa anamuuliza kitu, shosho anaeleza, anashika tumbo, anaonyesha mgongo, analia kidogo, anaeleza tena. Dakika kumi nzima. Alafu profesa anageukia hao wanafunzi wa nje wamesimama nyuma na vijitabu: "Mawe kwa nyongo." Imeisha, twende kitanda ya pili. Hiyo dakika kumi ndio udaktari wenyewe, na ilimpita. Alikuwa amefunzwa Kichina cha kununua ndizi na kuuliza bei ya teksi. Kichina cha uchungu, cha "inanianza hapa inaenda hadi kwa bega", hakuwa nacho.

Karudi Nai, akaanza kurivaizi mtihani wa baraza na wasee wengine wa nje, chumba moja Ngara, madondo na chapo za deni. Wakaanza kufanya maswali ya hii aina: mtoto wa miaka 3, kilo 14, kutoka Busia, joto imepanda, amepatwa na degedege mara mbili asubuhi. Unampa nini na kiasi gani? Intani wa Maseno anakujibu kabla umalize kuuliza: artesunate ya sindano, miligramu 3 kwa kila kilo juu hajafika kilo 20, basi 42, alafu unarudia baada ya masaa 12, na tena baada ya 24. Anajua juu alishashika mkono wa huyo mtoto usiku na torchi ya simu. Dem yetu alikuwa amesoma malaria kwa kitabu. Hajawahi kuiona kwa mtu. Angeiona wapi? Uchina ilipewa cheti na WHO mwaka wa 2021 kwamba malaria huko imemada. Na kinachouma ni kwamba hiyo dawa asili yake ni huko huko: Tu Youyou, Mchina, alibeba Nobel 2015 juu ya artemisinin.

Si ati huyo dem ni fala. Alipita, na leo ako mboka kaunti flani ya Western. Lakini ilibidi asome udaktari mara ya pili, wa watu wake, kwa pesa yake, hakuna lekcha wa kumshika mkono. Hiyo sehemu haikuandikwa kwa bango.

Twende kwa ganji, juu hapo ndio familia hufinywa vibaya. Ajenti hukupea hesabu ya mwaka wa kwanza, kwa dola, alafu anaigeuza shilingi na bei ya siku hiyo. Tuseme karo ni dola 5,000. Mapema 2022 dola ilikuwa inacheza kwa 113, basi mzae akauza kipande ya shamba ocha akijua ni kama 565,000 kwa mwaka. January 2024 dola ikagonga 160. Karo ni ile ile, chuo hakijaongeza hata ndururu, lakini mzae sasa anatafuta 800,000. Dola ikashuka tena hadi 129 hivi, sawa, lakini kipande ya pili ya shamba ilikuwa ishaenda. Na hiyo ni karo pekee. Bado keja, bado bima, bado nguo za baridi, bado viza ya kila mwaka, bado tiketi ya kurudi shosho akidedi. Ukisikia "karo nafuu", zidisha mara 6, weka dola kwa bei mbaya, alafu uliza mzae usoni kama hiyo ganji iko. Si kama itapatikana. Kama iko. Harambee hukupandisha ndege, haikumalizii mwaka wa 4.

Alafu kuna mambo hayauliziwi na mtu. Wasee waliosomea Uchina na walikuwa wamekuja nyumbani likizo ya mapema 2020, korona iliwafungia nje zaidi ya miaka 2. Viza za kurudi zilifunguliwa August 2022. Yaani mtu anafunzwa kupapasa tumbo kupitia simu, kwa bando, akiwa kwa kochi ya mathe Kayole. Ukraine ndio hiyo, ilikuwa base moto ya udaktari wa bei ya chini kwa Waafrika. Tarehe 24 February 2022 watoi waliamshwa na mabomu Kharkiv. Wakatembea, wengine wakapanga laini kwa baridi kwenye mpaka wa Poland, na wengi wakasema walisukumwa nyuma juu ya rangi yao. Ikafika mahali Umoja wa Afrika ukatoa taarifa kulalamika. Mwaka uliofuata, 15 April 2023, Khartoum ikawaka, na huko kulikuwa na Wakenya kibao, wengi wa Pwani na Kaskazini Mashariki. Gava ikawatoa. Kutolewa ni kitu moja. Mwaka wa 5 wa udaktari utaumalizia wapi ni ingine, juu vyuo havipendi kupokea mwanafunzi wa katikati, na karatasi zako za alama zimebaki kwa ofisi imepigwa kombora.

Siwezi sema usiende nchi juu inaweza pigana. Hakuna mwenye anajua. Nasema ukienda, kaa na kopi ya kila karatasi yako kila mwisho wa muhula, iwe imepigwa muhuri, na itume nyumbani. Hiyo ndio ilitofautisha wenye waliendelea na wenye walianza first year upya.

Haya, sasa ajenti. Nimeingia kwa hizo ofisi mbili tatu nikisindikiza binamu yangu. Unapanda ngazi hadi fourth floor pale downtown, lifti imekufa, unapita fundi wa simu na duka ya wigi. Ndani kuna kabendera ka kila nchi kwa meza, kalenda ya chuo, na dem amevaa fiti anakuita "dokta" kabla ukae. Hiyo "dokta" ni dawa ya kulevya, nakwambia. Binamu yangu alikaa wima papo hapo. Tukauliza: chuo kinatambulika na KMPDC? "Kinatambulika na WHO." Tukarudia: na KMPDC? "WHO ni kubwa kuliko KMPDC, dokta." Hapo ndio nilijua tunachezewa, juu WHO haipei chuo chochote leseni ya kufundisha udaktari. Haina hiyo mboka. Kuna orodha ya dunia, World Directory of Medical Schools, chuo kikikosa huko shtuka. Lakini hata kikiwa huko, hiyo ni kusema tu kipo. Kukutambua ni kazi ya baraza la nchi yenye unataka kutibu.

Ajenti wengi hulipwa na chuo kwa kila kichwa wanapeleka. Si dhambi, ni biashara, lakini jua ako upande wa nani. Na usidhani karatasi yenye nembo kubwa ndio usalama. Wazazi wa Uasin Gishu walilipa pesa kwa mpango wa kaunti wa kupeleka watoi Finland na Canada, serikali yao wenyewe, si bango ya nguzo. Ikafika watoi wa Finland wanatishiwa kufukuzwa juu karo haijafika, na mwaka wa 2023 hiyo stori ikafika kortini.

Kitu ingine ajenti hatakuambia: hapa Kenya, kusomea MBChB unahitaji kwa uchache B ya jumla, na B za Bio, Chem, Fizikia ama Hesabu, na Kizungu ama Kiswahili. Hiyo ndio sakafu. Kupitia KUCCPS ushindani ni wa juu zaidi. Kuna vyuo huko nje vinachukua mtu wa C plus bila swali. Wewe ukiwa chini ya sakafu ya nyumbani, uliza baraza kabla ulipe, si baada ya miaka 6 ukiwa umeshika digrii na machozi.

Lakini tusidanganyane pia, kubaki si mbinguni. Daki wa hapa anamaliza shule anaanza kungoja apostiwe. Ile CBA ya 2017, mkataba wa madaktari na gava, ilikuwa imesema intani alipwe kama 206,000 kwa mwezi. 2024 sirkal ikasema iko na 70,000. February hiyo Davji Atellah, katibu wa chama chao, akagongwa kichwa na kopo ya teargas wakiandamana. March 14 wakaweka zana chini, siku 56. Hadi December ndio gava ikakubali kurudi kwa ile ya kwanza. Na karo za kampo zetu tangu ule mfumo mpya wa 2023 wa kufadhili vyuo ziliwafanya wazazi wengi waseme, ah, kama ni hivi si afadhali aende nje? Hiyo hasira naielewa. Shida ni kwamba ukienda nje na unarudi, unarudi kwa laini hiyo hiyo ya kungoja kupostiwa, tofauti ni uko nyuma na una mtihani mbele. Kwenda nje hakukutoi kwa hiyo laini. Kunakuchelewesha kuingia.

Ndio maana kama umepata chuo cha Kenya, hata kama ni mbali na mjini, hata kama hosi yake ya kufunzia si kubwa, mimi nasema chukua. Ukimaliza na leseni yako mkononi, majuu bado iko pale pale. Uingereza kuna mtihani wa PLAB, Marekani kuna wa USMLE, na siku hizi ushindani wa nafasi ni mkali kiasi kwamba kuna wenye wamepita PLAB na bado wanasaka kazi. Lakini unaenda ukiwa daki, si mtoi wa kubeba vijitabu nyuma ya profesa.

Ukikosa Kenya? Hapa sasa ndio wasee hunicheka. Angalia jirani kwanza. Shule ya udaktari ya Nairobi ilianza 1967. Kabla ya hapo Wakenya wa kusomea udaktari walikuwa wanaenda Makerere, yenye ilianza kufunza hiyo kazi 1924. Leo kuna Wakenya wengi huko Uganda, Makerere na chuo cha KIU kule Ishaka, na wengine wamevuka Tanzania, Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo pamoja na hutambuana, basi karatasi ya huku haikusumbui kama ya mbali, bora jina la chuo liwe kwa orodha. Fare ni basi ya usiku. Malaria ni ile ile, siko seli ni ile ile, mama anayevuja damu baada ya kuzaa ni yule yule. Ishaka utajifunza Kinyankole kidogo, ndio, lakini Tanzania mgonjwa anakueleza uchungu wake kwa Kiswahili na unamskia neno kwa neno. Utachekwa ukianza Sheng yako wodini, vumilia. Najua Moshi haipigi picha kama Moscow. Hakuna theluji, isipokuwa ile ya juu ya Kilimanjaro.

Kuna wenye nchi ya mbali inawafaa. Mwenye jibu lake la "utatibu wapi" ni Ujerumani, kwa mfano. Huko vyuo vingi vya serikali havikamui karo, lakini unahitaji Kijerumani cha kiwango cha C1, alama za juu kweli kweli, na akaunti iliyofungwa yenye euro 11,904 kwa mwaka mmoja kuonyesha hutalala njaa. Ukiweza hiyo, unasoma kwa lugha ya mgonjwa wako na unapata leseni ya hapo hapo. Hiyo inashika. Urusi pia kuna skolashipu za serikali, mwaka wa kwanza unakula lugha tu, lakini tangu Visa na Mastercard zijitoe huko March 2022, muulize mzae atakutumia pesa ya keja kupitia wapi. Marekani sahau kwa sasa: huko udaktari unaanza baada ya digrii ya kwanza, na karo yake hata sitaiandika hapa watu wasipatwe na presha.

Na wewe, kabla ya hizo zote, una uhakika ni udaktari unataka? A ya Chem si kupenda wagonjwa. Kuna msee wa plot yetu alipeleka budake hosi usiku wa Ijumaa, akakaa usiku kucha kwa benchi ya majeruhi akiangalia tu: watu wa boda, mtoto amemeza betri ya saa, mzee anatapika. Asubuhi akamwambia mathe, "Mathe, mimi siwezi hii." Mathe alinuna wiki mzima, alafu akazoea. Na kama wewe ungekaa hapo utamani kuvaa glavu, jua pia chuo cha KMTC kiko, klinikali ni diploma ya miaka 3, na kwa vituo vingi vya vijijini huyo klinikali ndio dokta mwenye mgonjwa atamuona. Wengi walianzia hapo wakapanda.

Kama bado unaenda, sawa, enda. Lakini kabla utume hata thao moja kwa ajenti, andikia KMPDC na jina kamili la chuo na mji wake, ungoje jibu kwa maandishi. Alafu mwambie ajenti akupatie namba ya Mkenya mmoja alimaliza hapo. Si mwenye bado anasoma, huyo atakuambia ni poa juu pia yeye anajipa moyo. Mwenye alimaliza na ako na leseni. Ajenti akishindwa kukupatia huyo mtu mmoja, chukua karatasi zako kwa meza, shuka ngazi, uende.